Mitambo ya Kutafutia Dawa na Yatupasayo Sisi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeyaumba maradhi na akaziumba na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kwa muda wa miezi hii tumeletewa katika darasa letu maswali mengi ya namna moja. Mzazi auliza: mtoto wangu amelazwa hospitali, nami nimeletewa karatasi niweke saini kwamba khabari za maradhi yake na picha za kifua chake zitumiwe katika utafiti, tena zifundishiwe mitambo ya kompyuta, je, niweke saini au nikatae? Mwengine auliza: nimeambiwa kwamba dawa wanayotaka kunijaribia ilivumbuliwa kwa mtambo, je, yajuzu mwili wangu kujaribiwa kwa neno la mtambo? Na wako wasiouliza, bali wamekwisha kutoa hukumu. Mmoja asema kwamba yote hayo ni mumiani aliyevaa nguo mpya. Mwengine, kijana aliyesoma, asema kwamba mitambo hii imekwisha kuimaliza kazi ya matabibu, na mwenye kusitasita ni mjinga. Sisi twaona kwamba wote wawili wamesema kabla ya kujua, na Qur'ani imetukataza tusilifuate jambo tusilokuwa na ilimu nalo, ikatukumbusha kwamba masikio na macho na nyoyo vitaulizwa. Kwa hivyo tumeona yatupasa kwanza kulieleza jambo lenyewe lilivyo, kisha tuseme tuonavyo.

Magazeti huliita jambo hili akili mnemba, na wengine husema akili bandia au akili unde. Jina halina neno, walakin lapotosha. Akili katika maneno ya wanavyuoni wetu ni ile ambayo kwayo mtu huwa mukallaf, akaandikiwa thawabu na dhambi. Mtambo hauandikiwi chochote. Ulicho nacho ni hisabu. Hulishwa mifano kwa maelfu na malaki, ukaona jinsi mifano ile inavyofanana na inavyotafautiana, kisha ukiletewa mfano mpya hukisia. Mchuuzi wa samaki aliyekaa sokoni miaka thalathini humtazama changu jicho na mashavu yake, akajua kwamba amevuliwa leo au jana, na ukimwuliza kanuni ya ujuzi wake hana ya kukueleza. Mtambo nao ni vivyo hivyo, ila huo huonyeshwa samaki laki kwa siku moja, wala haujui samaki ni kitu gani.

Na neno wanalolitumia wataalamu kwa njia ya hisabu hizo, yaani algoriti, limetokana na jina la Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, wa karne ya tisa ya miladi. Twalitaja hili na kulipita upesi, kwani watu wetu wakisikia khabari kama hii hufurahi, wakarudi barazani kunywa kahawa, wakaona kwamba wamekwisha kutenda jambo. Al-Khwarizmi alifanya lake. Sisi letu liko wapi?

Sasa tuitazame haja yenyewe. Dawa moja mpya, tangu siku inapofikiriwa mpaka siku inapofika katika duka la dawa, aghlabu huchukua miaka 10 mpaka 15. Hutafutwa kwanza katika molekuli nyingi mno, ikajaribiwa ndani ya chupa, kisha kwa wanyama, kisha ndiyo ifike kwa wanadamu. Na kwa wanadamu nako kuna daraja tatu: watu wachache kwa kutazama madhara yake, kisha watu zaidi kwa kutazama kipimo na nafuu yake, kisha mamia au maelfu, ambapo nusu yao hupewa dawa mpya na nusu hupewa ile ya zamani au kidonge kisicho na dawa ndani yake, ili ijulikane bilhakika kama ile mpya yafaa. Katika kila dawa kumi zinazofika kwa wanadamu, kama tisa huanguka njiani. Gharama ya hizo tisa huwekwa juu ya ile moja iliyopita. Ndiyo maana maradhi ya maskini hayana wa kuyatafutia dawa, kwani mwenye mali hataki kumwaga mali yake kwa mgonjwa asiyeweza kulipa. Na vijidudu vya maradhi havingoji. Kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida kimo katika nchi yetu, na kila mwenye kununua vidonge vitatu vya antibiotiki dukani, akala viwili, akaweka kimoja kabatini, amechangia kuvifundisha vijidudu ukaidi.

Mtambo waingia hapo penye kutafuta. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo cha MIT huko Marekani walitoa khabari za kazi yao moja. Walichukua molekuli zaidi ya 2,300, wakaziangalia katika maabara ni zipi zinazozuia kijidudu kimoja cha matumbo kisikue, kisha wakaulisha mtambo majibu hayo. Baada ya hapo wakauonyesha mtambo molekuli nyengine kama 6,000 ambazo haujapata kuziona. Ukachagua mojawapo iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya ugonjwa wa sukari na kuachwa, wala hapana aliyeidhania kuwa ni dawa ya vijidudu. Walipoijaribu maabara, iliua vijidudu vya namna nyingi visivyosikia dawa nyengine, na kijidudu cha kifua kikuu kikiwa kimojawapo, tena ikawaponya panya. Wakaiita halicin. Kisha wakaupa mtambo molekuli zaidi ya milioni 100 uzipitie, ukazipitia kwa siku tatu. Mwanadamu angezipitia moja moja, wajukuu wa wajukuu wake wasingezimaliza.

Hili ni jambo kubwa, wala hatuoni haya kulisifu kwa sababu waliolifanya si Waislamu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia dawa yake, akawaamrisha watu wajitibu. Maana yake ni kwamba dawa ipo na kazi yetu ni kuitafuta, na chombo chochote cha halali kinachoharakisha utafutaji huo kimo katika amri hiyo. Mwenye kusema kwamba kutafuta dawa kwa mtambo ni kuingilia kazi ya Mungu, na aache pia kupanda gari la kumpeleka mgonjwa hospitali.

Walakin angalieni: panya wamepona, na hapo ndipo khabari ilipoishia kwa sasa. Halicin haiuzwi dukani wala haijawa dawa ya wanadamu. Na dawa nyengine, iliyotangazwa mwaka huo huo wa 2020 kwa shangwe kubwa kuwa miongoni mwa za kwanza zilizobuniwa kwa mitambo hii kufika kwa wanadamu, yaani ile ya maradhi ya wasiwasi wa moyo iliyojaribiwa Japani, baadaye iliachwa kwa kutofikia kilichotarajiwa. Shangwe ilisikika mji mzima, na kuachwa kwake kulinong'onwa. Desturi ya wauzaji ni hiyo, katika dawa na katika ubani.

Mfano mwema zaidi ni wa baricitinib. Hiyo ilikuwa dawa ya baridi ya viungo. Ulipozuka ugonjwa wa korona, mwezi wa Februari 2020, kampuni moja ya London ilitumia mtambo wake kupekua maandishi ya ilimu ya utabibu, ukatoa jina la dawa hiyo kwamba yamkinika kufaa. Dhana hiyo ilipatikana upesi kabisa. Je, watu waliipokea vivi hivi? La. Yalifuata majaribio moja baada ya moja, na mwaka 2022 yakatolewa majibu ya jaribio kubwa la Uingereza lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 8,000: katika waliopewa walikufa 12 katika kila 100, na katika wasiopewa walikufa 14. Tafauti ya watu wawili katika mia, mtu akiitazama kwa jicho haionekani, na mtambo haukuweza kuiahidi. Iliyoitoa ni subira ya kuhisabu wagonjwa maelfu.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwani ndipo penye kiini cha jambo. Wako wasemao: ikiwa mtambo ni mwerevu hivyo, ya nini kuwasumbua watu kwa majaribio? Na ufanye majaribio yake ndani ya kompyuta, kwa wagonjwa wa kubuni, na sisi tupewe dawa upesi. Jawabu yao iko karibu nasi, Kilifi. Kabla ya mwaka 2011 ilikuwa mashuhuri katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki sawasawa na mikono imemfanya baridi, hutiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo, na matabibu waliapa kwamba wamewaona watoto wakifufuka mbele ya macho yao. Basi wataalamu wakaamua kulipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na Kilifi ilikuwa mojawapo na Muheza mojawapo. Jaribio hilo huitwa FEAST. Ilibidi lisimamishwe kabla ya muda wake, kwa kuwa ilidhihirika kwamba baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka walikuwa wamekufa 10 na zaidi, na katika wale ambao hawakutiwa kwa haraka walikuwa wamekufa 7. Kile kilichodhaniwa kuwa ni uhai kilikuwa chawapunguza watoto. (Asije mtu akatoka na maneno yetu akamzuilia maji mtoto wa kuharisha. Watoto wenye kuharisha hawakutiwa katika jaribio hilo, na mtoto wa kuharisha maji ndiyo dawa yake.)

Sasa mtu ajiulize: lau mtambo ungalikuwapo mwaka 2010, ukalishwa vitabu vyote na madaftari yote ya hospitali, ukaulizwa mtoto huyu afanyiwe nini, ungalisema nini? Ungalisema atiwe maji mengi, upesi. Ungalisema kwa ufasaha na bila ya kusitasita, kwa sababu ndivyo walivyoandika watu wote. Mtambo hujifunza yaliyoandikwa, na yaliyoandikwa huwa na kosa la waandishi wake. Kosa la watu wote haliwezi kujulikana kwa kuwauliza watu wote. Lilijulikana kwa kuwatia watoto katika mafungu kwa kura, na kuhisabu waliokufa na waliopona, wala hapana hisabu nyengine inayosimama mahali pake.

Na njia hii wasituambie watu kwamba ni ya Wazungu. Abu Bakr ar-Razi, aliyekufa kiasi cha mwaka 925, ameeleza katika al-Hawi kwamba katika ugonjwa mmoja wa kichwa aliwatoa damu wagonjwa wa fungu moja na akaliacha fungu jengine kwa makusudi, ili apate kuujua ukweli. Na Ibn Sina katika Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na miongoni mwayo ni kwamba lazima ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwani iliyomfaa simba au farasi huenda isimfae mtu. Miaka elfu imepita tangu maneno hayo. Mwenye kuyadharau majaribio kwa kujidai ushujaa wa dini, na ajue kwamba anawadharau wakubwa zake.

Mitambo yatumika vilevile katika kuyapanga majaribio yenyewe. Majaribio mengi hukawia, wala si kwa kukosa dawa, bali kwa kukosa wagonjwa wenye sifa zinazotakikana, maana lazima tabibu au muuguzi asome daftari la kila mgonjwa na kulilinganisha na masharti. Mwaka 2024 wataalamu wa serikali ya Marekani walitoa khabari za mtambo wa kufanya ulinganishi huo. Ulipatia sharti 87 na kitu katika kila 100, na matabibu walioutumia walipunguza muda wa kazi hiyo kwa zaidi ya sehemu mbili katika tano. Ni msaada mzuri. Lakini katika kila masharti 100 uliyapotoa kama 13, na mgonjwa mwenye figo mbovu akitiwa katika jaribio la dawa inayoyaumiza mafigo kwa sababu mtambo umesoma vibaya, hizo nambari nzuri hazitamfaa yeye wala mamake. Kwa hivyo lazima mtu apitie. Mtambo huandaa, na mtu ndiye hukata shauri.

Na hapa tufike katika khofu ya watu, kwani haifai kuicheka. Wazee wetu walipotajiwa mumiani hawakuwa wazimu. Walikuwa watu ambao damu yao ilichukuliwa na hawakuelezwa yaendako. Mwaka 1996, huko Kano, mji wa Waislamu kaskazini ya Nigeria, ulizuka ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, na kampuni ya Pfizer ikaenda na dawa yake mpya iitwayo Trovan. Watoto 200 walitiwa katika jaribio, nusu wakapewa hiyo na nusu wakapewa dawa nyengine iliyokuwa ikijulikana. Walikufa 11 katika mafungu yote mawili, na wengine wakabaki na vilema. Wazazi walisema kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio, kampuni ikasema kwamba waliridhia kwa mdomo na kwamba waliokufa waliuawa na ugonjwa. Kesi zikaendelea miaka mingi, mpaka mwaka 2009 kampuni ilipopatana na serikali ya Kano kwa dola milioni 75, bila ya kukiri kosa.

Insafu yatulazimisha tuseme kwamba hapana aliyeweza kuthubutisha kuwa dawa ile ndiyo iliyowaua. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2003 watu walipoletewa chanjo ya polio huko Kano, waliyakumbuka ya 1996, wakaikataa, na serikali yao ikaizuia karibu mwaka mzima. Polio ikaenea kutoka hapo, ikaingia katika nchi nyengine ambazo ilikuwa imekwisha kutoka. Watoto wa Kiislamu waliopooza miguu kwa hilo hawakuwahi kuiona dawa ya Trovan kwa macho. Idhini ikipuuzwa mara moja, gharama yake hulipwa na watu wasiokuwapo.

Basi sisi twasema kwamba idhini haiwi idhini ila mtu akielezwa kwa lugha yake, akaelewa, akaweza kukataa bila ya kukosa matibabu yake. Saini ya mtu aliyeambiwa weka hapa, foleni ni ndefu, si idhini. Na mwanamke mwenye akili timamu ndiye mwenye kuulizwa juu ya mwili wake. Wako waume wanaowatilia wake zao saini, nao hufikiri kwamba hiyo ndiyo dini. Mume na ashauriwe, kwani ushauri ni kheri, lakini mwili haukuolewa ukawa bidhaa. Mtoto mdogo walii wake humwangalilia maslaha yake, na kijana mwenye kupambanua naye asikilizwe.

Khabari za maradhi nazo ni amana. Aliyoyasema mgonjwa kwa tabibu wake, ya ukimwi au ya utasa au ya wazimu, ni siri, wala siri haiwi halali kwa kupigiwa chapa ndani ya kompyuta. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2019 juu ya kulinda khabari za watu imezihisabu khabari za afya katika zile zinazotaka hifadhi zaidi. Sheria ipo, ila sheria haimtetei asiyejua kwamba ipo. Nao wataalamu huondoa majina kabla ya kuulisha mtambo, na hilo ni wajibu, ila katika mtaa mdogo kama mitaa yetu, ukisema mwanamke wa miaka 43 mwenye watoto tisa na donda la mguu wa kushoto, umekwisha kumtaja jina.

Je, baada ya yote hayo tukatae tukae kimya? Hapana, na sababu yetu ni moja ambayo twataka watu waifikiri sana. Mtambo huwajua wale uliofundishwa kwao. Mwaka 2019 ilidhihirika kwamba mtambo mmoja uliotumiwa katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi zaidi ulikuwa ukiwadhulumu watu weusi. Haukuambiwa rangi ya mtu. Ulifundishwa kuupima ugonjwa kwa fedha zilizotumika kwa mgonjwa, na kwa kuwa watu weusi walikuwa wakitumiliwa fedha chache, mtambo ukadhani kwamba ni wazima. Wataalamu wakahisabu kwamba lau dhuluma hiyo ingeondolewa, watu weusi katika waliochaguliwa wangepanda kutoka kiasi cha 18 katika kila 100 mpaka kiasi cha 46. Sasa na sisi, ambao damu yetu ina selimundu, ambao malaria imeishi nasi tangu kale, ambao ngozi yetu haiko katika picha zao, khabari zetu zisipokuwamo katika mafunzo ya mitambo hiyo, dawa zitachaguliwa kwa miili mingine, kisha zitaletwa kwetu kwa meli, nasi tutazinywa. Mwenye kukataa kabisa hakujilinda. Amejitoa katika hisabu.

Na pwani yetu haikuwa mtazamaji katika mambo haya. Kituo cha utafiti kilichopo Kilifi kilianza mwaka 1989, na chanjo mbili za malaria zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ile ya 2021 na ile ya 2023, zote zilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi pamoja na wa mahali pengine. Watoto hao ni wa jirani zetu, na wazazi wao wengi hawajui kusoma, nao wamewafaa watoto wa Afrika nzima kuliko wengi wetu wenye vilemba.

Limebaki suali la dhamana. Mtambo ukikosea, nani atakayelipa? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa ilimu yake, naye ni mwenye kudhamini madhara. Mtambo hauna mali wala dhima, haufungwi wala hauapishwi. Kwa hivyo dhamana haihamii kwake. Yabaki kwa mtu aliyeutengeneza na kuusifu kwa asilokuwa nalo, na kwa tabibu aliyeufuata akiwa amefumba macho, na kwa wenye jaribio waliouweka mahali pa mtu. Tabibu asemaye kwamba mashine ndiyo iliyosema ni kama kadhi asemaye kwamba kalamu ndiyo iliyohukumu. Na wale wanaouliza simu zao usiku juu ya kipimo cha dawa ya sukari ya baba zao, kisha wakabadilisha vidonge asubuhi kwa majibu yake, nao wajione wamo katika maneno haya, kwani wamejifanya matabibu kwa ilimu ya kuazima.

Kwa hivyo jawabu yetu kwa waliouliza ni hii. Kutoa khabari za maradhi kwa utafiti wa dawa, na kuingia katika jaribio lililopitishwa na kamati yake ya maadili, yajuzu, na kwa mwenye nia njema twataraji kuwa ni sadaka yenye kuendelea. Dawa kuwa imevumbuliwa kwa mtambo hakuiharimishi wala hakuitakasi. Itazamwe kama dawa nyengine yoyote. Lakini usiweke saini mpaka umeuliza, na aliye mbele yako akakujibu bila ya kununa: ni kitu gani mnachotaka kupima, na madhara yaliyokwisha kuonekana ni yapi? Nikidhurika nitatibiwa na nani, kwa mali ya nani? Khabari zangu zitakaa wapi, na nikibadilisha shauri kesho nitazitoaje? Dawa ikifaulu, itauzwa Kenya kwa bei ambayo mtu wa Kisauni aweza kuilipa? Hili la mwisho watu hawaliulizi, nalo ndilo wenye kampuni wasilolipenda. Na penye jawabu ya kuzungukazunguka, rudisha karatasi, wala huna dhambi.

Kwa kuwa karatasi hizi ni ndefu na Kiswahili chake mara nyingi ni kigumu kuliko Kiingereza chake, tumekubaliana katika darasa kwamba kila Jumanne baada ya sala ya Isha tutaisoma mojawapo mstari kwa mstari, na muuguzi mmoja katika wanafunzi wetu atakuwapo kueleza mambo ya utabibu. Wanawake wana mahali pao upande wa ukumbi wa madrasa, nao wataulizwa na kujibiwa vilevile. Mwenye karatasi aje nayo kabla hajaitia saini, na jina la mgonjwa na alifunike kwa kidole.